Mzee Akikohoa, Robi Anatoka

Chuo cha Kyabasera,
Butiama.
9 Februari 2025

Shangazi Nyangi,

Shikamoo. Ursula muuza samaki kanifikishia furu wakavu na salamu zako, akaniambia umekataa kumpa maneno ya mdomoni. "Shangazi yako anasema simu ni ya salamu, mambo yanaandikwaga," kasema, huku akinikabidhi bahasha inayonuka samaki. Basi nami nimetafuta karatasi. Usinicheke mwandiko.

Nyumbani kwangu tuko salama. Mimba ya mke wangu Esther imeingia mwezi wa nane, miguu inamvimba, na hataki kuambiwa apumzike. Baba Mdogo Yusto alipiga kutoka Mugeta: mvua imechelewa, pamba imedumaa, ila ng'ombe wana afya.

Sasa nijibu swali lako. Umesema binti yako Robi, alipokuja Nyakato likizo, alikuambia kwamba hapa chuoni kuna kitu kinachomfuata. Nimeumia kidogo, kwa sababu kitu hicho nimekijenga mimi na wenzangu wawili, na tumekiita Mwenzi.

Si mzimu, Shangazi. Kila mwanafunzi na kila mfanyakazi anavaa beji shingoni, na mwanafunzi ana programu kwenye simu. Kwenye milango, mabanda na miti ya chuo tumefunga vidude vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Mwanafunzi akifika kwenye josho, Mwenzi anajua yupo kwenye josho. Anamfungulia somo la kupe na kumwonyesha kupe wa kumtafuta sikioni mwa ng'ombe aliye mbele yake. Akiingia maktaba, Mwenzi ananyamaza na kuandika badala ya kusema. Wawili walioshindwa swali lilelile wakikaa karibu, anawashauri wajadiliane. Mwaka wa pili wa mifugo wako mia nne, na walimu ni wawili. Robi, ambaye mwaka wa kwanza hakunyoosha mkono hata siku moja, sasa anamuuliza Mwenzi maswali thelathini kwa siku. Alama zake zimepanda. Hicho ndicho kinachomfuata.

Mwanao,
Nathan


Nyakato, Musoma.
2 Machi 2025

Mwanangu Nathan,

Marahaba. Ursula aliisahau barua yako kwenye kapu, nikaipata ikiwa na magamba. Mwambie Esther akuache wewe usonge ugali mwezi huu mzima; amri ni yangu. Hapa sote wazima. Jumapili iliyopita kina mama wa kanisani walinisimamisha niisome tena ile makala yangu ya mahari, ile inayosema binti si wa kupelekwa mnadani. Walipiga makofi. Mchungaji hakupiga.

Sasa Mwenzi wako. Umeniandikia ukurasa mzima, na ndani yake sentensi ya maana ni moja: wanafunzi mia nne, walimu wawili. Dawa ya ugonjwa huo ni mwalimu wa tatu, na wa nne, na wa kumi. Ninyi mmeleta viberiti. Nimefundisha miaka ishirini na sita, Bunda na Suguti na hapa mjini, na nimeona kila walichokileta wataalamu: redio ya shule, televisheni ya shule, kompyuta zilizofungiwa stoo mpaka panya wakazalia ndani. Kila kimoja kilikuja na hotuba, na kila kimoja kilikuja mahali pa mwalimu ambaye hakuajiriwa. Ila vile vya zamani vilisema tu. Hiki chenu kinatazama.

Unaniambia kinajua kuwa Robi yupo kwenye josho. Haya. Kinajua amekwenda kufanya nini? Mtu anaweza kwenda kwenye josho kutafuta kupe, au kulia pasipo watu, au kumkwepa rafiki aliyemwazima daftari. Kujua mtu yuko wapi ni kazi ya askari. Mwalimu kazi yake ni kujua kwa nini yuko pale, na hilo hulipati kwa kupigilia kidude mlangoni.

Kuhusu Robi, mwache asome. Mambo ya nyumbani usimchimbe. Amebakiza mwaka mmoja na miezi. Nataka amalize hicho chuo, avae joho, atoke na cheti chake mkononi. Sina ombi lingine.

Shangazi yako,
Nyangi


Kyabasera, Butiama.
30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Esther amejifungua salama tarehe kumi na nane, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Tumempa jina la bibi, mama yako: Ghati. Analia kwa sauti ya mtu mwenye madai, na Esther anasema kakurithi wewe.

Nilitaka barua hii iwe ya furaha peke yake. Imenishinda.

Katika maabara ya mifugo kuna mtunza funguo, Mzee Nyamhanga, mtu wa miaka sitini hivi, mtaratibu, yuko hapa tangu chuo kinafunguliwa. Mwenzi ameonyesha kwamba kila mzee huyo anapoingia maabara, Robi anatoka. Si mara moja. Ni mara kumi na tisa katika wiki sita. Mzee akiingia kwa mlango wa mbele, Robi anatoka kwa ule wa pembeni, anakwenda kusimama nje chini ya dirisha na daftari lake, jua likimchoma, akimsikiliza mwalimu kutokea huko. Mzee akiondoka, anarudi. Wanafunzi wengine mia tatu na tisini na tisa hawafanyi hivyo.

Kuna jingine. Mzee, kabla hajaingia, anakohoa kwa nguvu mlangoni. Si mgonjwa. Pengine pote hakohoi. Ofisi ya Ustawi wa Wanafunzi inasema kikohozi hicho ni ishara wanayopeana, au ni namna ya kumtisha. Wamefungua faili. Unajua faili la mzee na mwanafunzi wa kike maana yake nini.

Nilimwita Robi kando.

"Dada, kuna nini kati yako na yule mzee?"

"Hakuna kitu."

"Anakusumbua?"

Aliniangalia kama mtu niliyemtukania mama. "Kaka Nathan, neno hilo usilirudie. Hata ukiwa peke yako usilirudie." Akaenda zake.

Ninavyomfahamu, hiyo haikuwa hofu. Lakini sijui ilikuwa nini. Kama kuna unalolijua, niambie kabla faili halijapanda juu.

Nathan


Nyakato, Musoma.
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, tena mara mbili, moja ni ya Ghati. Nimeisoma habari yake kwa majirani mpaka wamechoka. Nimemshonea kofia. Ursula anayo, asipoifikisha, mnyime chai.

Nathan, nimesoma hesabu yako ya mara kumi na tisa. Nani aliwatuma kuhesabu? Mtoto wa watu akitoka chumbani, mtu mwenye adabu humpisha njia. Ninyi mnampigia mstari kwenye daftari, halafu mistari ikifika kumi na tisa mnaiita ushahidi. Nimesoma juu ya watawala walioweka mtu wa kuandika nani kamtembelea nani, na siku zote walianza kwa kusema ni kwa ajili ya usalama. Hawakuanza hata mara moja kwa kusema ni kwa ajili ya kuogopesha watu.

Na huyo Nyamhanga msimchafue. Ni mtu mwema, ana heshima zake, hajawahi hata kumwinulia mtoto sauti. Namfahamu kwa sifa tu.

Faili litakufa lenyewe kwa kukosa chakula. Robi asome.

Nyangi


Kyabasera, Butiama.
11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kofia imefika, inamfunika Ghati mpaka puani. Tutangoja kichwa kikue. Esther amerudi shambani kinyume cha amri yako.

Faili halikufa. Mzee Nyamhanga amenyang'anywa funguo za maabara tangu Aprili ishirini na mbili, anakaa stoo ya majembe akingojea baraza. Robi sasa anaingia maabara bila kutoka, na Mwenzi ameandika: hali ya mwanafunzi imetulia baada ya mhusika kuondolewa. Ofisini wamelichukua hilo kuwa uthibitisho. Robi mwenyewe amekonda. Maswali yake kwa Mwenzi yameshuka kutoka thelathini hadi mawili.

Wiki iliyopita nilikwenda Mugeta kwenye mazishi ya jirani yetu wa zamani, nikalala kwa Baba Mdogo Yusto. Asubuhi niliingia zizini. Shangazi, nimekulia kwenye lile zizi, ng'ombe wetu nawajua kwa pembe na kwa tabia. Mle ndani wamo wageni. Wana chapa ya ubavuni ambayo si yetu. Nikamuuliza Baba Mdogo, "Hawa wametoka wapi?"

Akaendelea kukamua. "Wametoka malishoni."

"Baba Mdogo."

"Muulize shangazi yako. Mimi hapa ni mchungaji tu. Nimeambiwa nikae kimya, nami nakaaga kimya vizuri."

Kwa hiyo nakuuliza. Wale ng'ombe ni wa nani, na wamekuja Mugeta kwa shughuli gani? Nina wazo langu. Sitaki kuliandika, kwa sababu kama nimekosea nitakuwa nimekutukana, wewe uliyeandika yale uliyoyaandika juu ya mahari. Lakini kama sijakosea, basi Robi hamkimbii yule mzee. Anampa heshima yake. Na mzee anakohoa ili kumpa nafasi ya kuondoka, kama watu wazima wetu walivyofanya siku zote kabla ya kuingia alipo mkwe wao.

Niambie ndiyo au hapana. Nitajua cha kufanya.

Nathan


Nyakato, Musoma.
1 Juni 2025

Mwanangu Nathan,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa, Ursula alikuwa na homa, halafu nami nilikuwa na kazi. Mjini hapa maji ya bomba yamekatika siku tatu na bado tunaambiwa tusubiri. Mwambie Esther shamba halitoroki.

Ng'ombe wa Mugeta ni mambo ya Yusto. Amezoea kuwapokea wa watu na kuwachunga; ukimuuliza atakupa majibu ya mzaha, ndivyo alivyo tangu utoto. Usijenge nyumba juu ya chapa ya ubavuni.

Cha maana ni hiki. Nimeandika makala, na gazeti limeitoa Jumatano. Nakuwekea ukurasa humu. Sikukitaja chuo kwa jina, lakini mwenye macho atakijua. Nimesema kwamba chuo kinachomvalisha mwanafunzi beji ya kumfuata toka bwenini hadi chooni hakimfundishi, kinamchunga. Nimesema kwamba mashine iliyopewa sifa ya kuelewa mazingira haijui hata jambo moja kati ya yale ambayo bibi yeyote wa Mara angeyaona kwa kutupa jicho dirishani. Watu wananipigia toka Bunda mpaka Tarime kunipongeza. Wacha hao wakubwa zako wajibu.

Nyangi


Kyabasera, Butiama.
5 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Ursula yupo mlangoni.

Makala imesomwa na mkuu wa chuo, Dokta Scholastika, mbele ya wakuu wote wa idara. Si mtu mbaya. Alikuwa anaelekea kuliacha suala hili limalizwe kwa maneno. Sasa anasema chuo kimetuhumiwa hadharani kwamba kinatazama tu, basi kitaonyesha kwamba kikiona kinachukua hatua. Baraza ni Alhamisi tarehe kumi na mbili. Mzee atakuwepo. Robi ataitwa aseme mbele yake.

Unaelewa nilichokiandika hapo? Chumba kimoja. Wawili hao. Na maswali ya aina ile.

Nimemwomba Robi aniambie kama ameposwa. Alisema, "Nilimwahidi Mama." Baba Mdogo Yusto nimempigia, anasema bila ruhusa ya dada yake hafungui mdomo. Simu yangu ya kazi inapita kwenye mfumo wa chuo, kwa hiyo usiniambie lolote kwa simu. Na baraza halipokei maneno ya simu. Nahitaji mstari mmoja wenye sahihi yako. Ng'ombe wa Nyamhanga wamepokewa kwa ajili ya Robi. Basi. Mpe Ursula kabla ya Jumatano.

Bibi yeyote wa Mara angeona, umeandika. Na wewe umeona. Sema.

Nathan


Kyabasera, Butiama.
14 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Ursula alipita Jumanne, alipita Jumatano. Hakuwa na bahasha.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa, kwa sababu najua utataka kujua na hakuna mwingine atakayekuambia.

Mzee Nyamhanga aliingia kwanza, amevaa koti lake la kanisani. Robi alipoletwa na mlezi wa bweni, mzee alisimama, akakigeuza kiti chake kikaelekea ukutani, akakaa akitazama ukuta. Robi akasimama mlangoni. Akaambiwa aingie. Akavuta kanga kichwani mpaka ikamfunika uso, akaingia hatua mbili, akapiga magoti sakafuni.

Dokta Scholastika akasema kwa upole kabisa, "Binti, usiogope, hapa uko salama. Huyu mzee amewahi kukugusa?"

Mle ndani tulikuwa watu tisa. Watano wetu ni wa mkoa huu. Niliona mmoja akifumba macho. Hakuna aliyesema.

Robi hakujibu. Swali likarudiwa kwa maneno mengine, yaliyo mabaya zaidi. Hakujibu. Mzee akasema akiwa bado anatazama ukuta, "Mama Mkuu, mtoe mtoto nje kwanza. Mniulize mimi." Akaambiwa asiingilie. Robi akainama mpaka kanga ikagusa sakafu. Wakamtoa.

Mwandishi wa baraza ameandika: mwanafunzi ameonyesha hofu kuu mbele ya mtuhumiwa na kushindwa kusema, mtuhumiwa ameshindwa kumtazama mwanafunzi. Vyote viwili ni kweli, na vyote viwili ni uongo.

Nilisimama nikasema kwamba kwetu mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja, na kwamba huenda hawa ni wakwe. Dokta Scholastika akauliza, "Huenda, au ni?" Nikasema huenda. Akauliza kama nina uhusiano na mwanafunzi. Nikasema ni binti wa shangazi yangu. Akaandika hilo, akanishukuru, akaniomba nikae nje.

Mzee Nyamhanga ameachishwa kazi. Barua yake inasema mwenendo usiofaa kwa wanafunzi wa kike. Amepita na baiskeli kurudi kwake kijijini mchana kweupe, na wanafunzi walikuwa wamejipanga kandokando ya njia wakimzomea. Waliozomea zaidi ni wanaompenda Robi.

Nathan


Nyakato, Musoma.
16 Juni 2025

Mwanangu Nathan,

Sina salamu leo. Nisalimie Ghati tu.

Barua yako ya tarehe tano niliipata tarehe sita. Niliiweka mezani, nikaweka Biblia juu yake kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Nilikaa nayo siku sita. Ursula alikuja mara mbili. "Mwalimu, leo hakuna barua?" Nikamwambia hakuna.

Ni kweli. Ng'ombe wa Mugeta ni wa Nyamhanga. Waliletwa wiki moja kabla ya Krismasi kwa ajili ya Robi, aolewe na mtoto wa mzee, Lukas, fundi wa pikipiki pale Bunda, ambaye Robi amempenda mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye kiti cha mbele na niliwatazama wakiingia zizini, na moyo wangu ulifurahi, Nathan, ulifurahi kama wa mwanamke yeyote ambaye hajawahi kusoma kitabu. Kisha nikawaapisha wote. Yusto, Robi, mzee mwenyewe. Nikasema pasisikike neno mpaka Robi atakapomaliza chuo. Nikawaambia ni kwa ajili ya masomo yake. Ilikuwa kwa ajili ya makala yangu.

Utaniuliza kwa nini niliwapokea. Wewe ulikuwa mdogo alipofariki mume wangu. Mimi niliolewa bila ng'ombe, kwa kujivuna, nikasema sisi wawili tumesoma. Siku ya mazishi wakwe zangu waliniondoa karibu na jeneza. Walisema huyu ni nani, katolewa ng'ombe gani. Nilimzika mume wangu nikiwa nimesimama na wageni. Nikarudi nikaandika kwa hasira kwamba desturi hii inamfanya mwanamke kuwa mali, na kila neno nililoandika naliamini mpaka leo. Lakini ilipofika zamu ya Robi sikuweza kumsimamisha mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Ningeweza kusema hivyo hadharani. Ningeandika makala iliyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliogopa kina mama wa kanisani wataacha kupiga makofi.

Mwenzi wako alihesabu mara kumi na tisa bila kujua sababu. Mimi nilikuwa na sababu kwenye droo. Nimekitukana kile kidude kwa kutokujua, na ukweli ni kwamba hakikudanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili yenye sahihi yangu, ya Yusto na ya mwenyekiti wa kijiji cha Yusto. Nilikwenda Mugeta jana mwenyewe. Lukas na baba yake mkubwa walikuwa wamefika kabla yangu, wanafungua zizi kuwachukua ng'ombe wao. Hawakunizomea. Walinisalimia vizuri, wakaendelea kuwatoa.

Ipeleke karatasi. Rudisha jina la yule mzee. Nitakuja Butiama Jumamosi ya tarehe tano mwezi wa saba, nizungumze na mwanangu Robi uso kwa uso. Simu yangu hapokei.

Nyangi


Kyabasera, Butiama.
30 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ghati ameanza kucheka kwa sauti. Esther anakusalimu, nimemsomea barua yako na alilia.

Kuna jambo ambalo sijakuandikia tangu Machi. Nilikuwa naandika "Mwenzi ameonyesha", kama kwamba Mwenzi anaamka asubuhi na kuamua. Kanuni ile niliiandika mimi. Mwaka juzi binti mmoja wa hapa aliacha masomo kwa sababu ya mfanyakazi wa kiume, na sote tulijua baada ya yeye kuondoka. Nilijiapiza haitatokea tena. Nikaiambia mashine: mwanafunzi wa kike akiondoka mahali mara kwa mara anapoingia mtu yuleyule, piga kengele. Niliiandika kwa siku moja, nikiwa na uchungu, na sikumuuliza mtu. Ningemuuliza Esther, angeniambia, je akiwa mkwe wake?

Karatasi yako niliipeleka. Dokta Scholastika aliisoma mara mbili, akavua miwani. Kisha akasema ameumia. Naamini kweli aliumia. Amemwandikia Mzee Nyamhanga barua ya kumwita arudi. Mzee ameirudisha bila kuifungua, kwa mkono wa Lukas. Lukas aliiweka mezani kwangu na kusema, "Baba anasema mlangoni hapo ameshakohoa vya kutosha." Robi alikuwa barazani. Walipishana. Lukas akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Faili limefungwa. Sikusema limefutwa, Mwenzi hakuwekewa uwezo wa kufuta. Mtu yeyote akiandika jina la Nyamhanga kwenye mfumo, mara kumi na tisa zile zinatokea, na chini yake neno "limefungwa".

Baraza limekubali kwamba Mwenzi alikosa taarifa. Dawa waliyoipata ni kumpa taarifa zaidi. Nimeagizwa kuongeza fomu, na nimeiongeza. Kila mwanafunzi anajaza: ameposwa au la, na nani, wakwe zake ni akina nani, wanaishi wapi, wanafanya kazi gani. Mstari wa saba unasema: mtaje mtu ambaye hutaki kukutana naye, ndani au nje ya chuo, na sababu. Mwenzi atahakikisha hamkutani. Imepokewa vizuri. Chuo cha jirani kimeiomba.

Robi anaendelea na masomo. Hilo ulilitaka, na limepatikana. Amerudi kwenye maswali yake thelathini kwa siku. Hazungumzi na wanafunzi wenzake, wala mimi, ila kwa kazi. Alijaza fomu yake jana, mbele yangu, kwa sababu kila fomu lazima iwe na mfanyakazi wa kuidhinisha. Kwenye kuposwa aliandika hapana. Kwenye mstari wa saba aliandika jina lako, majina yote matatu.

Nilimwambia, "Dada, mfumo hautakubali bila sababu."

"Utakubali. Umeutengeneza wewe."

"Niandike sababu gani?"

"Acha wazi," akasema. "Mama atajaza mwenyewe. Yeye ndiye mwandishi."

Mfumo ulikubali, Shangazi. Hauhitaji sababu, sikuufundisha kuhitaji. Programu inakata simu zako kabla hazijaita kwake. Kuondoa jina lako kunataka Robi abonyeze kwa kidole chake mwenyewe, na nimemwomba mara tatu.

Kwa hiyo usije Jumamosi. Mlinzi akiiweka namba ya kitambulisho chako pale getini, jina lako litatoka jekundu, na chini yake jina la aliyeidhinisha, ambalo ni langu.

Nathan